Mzigo wa Mhusika: Istilahi za Ukomo wa Zana katika Michezo ya Uhusika

Masika ya Kyela si ya mzaha. Mvua zikishika mwezi wa Aprili, mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe hufurika, mashamba ya mpunga huwa kama ziwa jingine kando ya Ziwa Nyasa, na mtu wa Ngonga asiye na shughuli ya lazima hubaki barazani kwake. Katika siku za namna hiyo walitujia nyumbani vijana watano, wanafunzi wa sekondari, wakiwa na rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mkono na ugomvi ambao hawakujua kuumaliza. Mmoja wao ni mpwa wetu. Baada ya kutuamkia alitueleza kwamba walikuwa wametafsiri wenyewe sheria za mchezo fulani wa mezani kutoka Kiingereza, wakaucheza kwa majuma mawili kwa furaha kubwa, na sasa hawasemezani kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa 'silaha'. Sheria yao ya tatu ilisema kwamba mhusika ataanza safari na silaha zilizomo katika orodha tu. Kijana mmoja, mwepesi wa hoja, aliisoma sheria hiyo kama wakili. Kamba si silaha, alisema. Ngazi si silaha. Punda si silaha. Basi akamwandikia mhusika wake punda kumi na wawili, kamba ya mikono mia tatu, mapipa manane ya mafuta ya taa, na kioo cha kuchungulia nyuma ya pembe za nyumba. "Sheria haikunikataza, mzee," alitwambia kwa adabu. Wenzake hawakuwa na la kujibu, kwa maana kwa mujibu wa Kiswahili walichokuwa wamekiandika wenyewe, haki ilikuwa yake. Mchezo ulikwisha siku ile ile. Hapakuwa tena na mto wa kuvuka wala ukuta wa kupanda ambao punda kumi na wawili na kamba ya mikono mia tatu hawakuutosha.

Tumeona vema kulileta jambo hili katika jarida la istilahi kwa sababu ni mfano mdogo, lakini kamili, wa neno lisilofaa kuharibu kazi ya watu. Katika makala haya tunakusudia kueleza mchezo wenyewe ni wa namna gani, kwa nini wachezaji wake hupenda kuwekewa ukomo wa vitu wanavyoweza kuchukua, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kubebeshwa maana hizo.

Mchezo huu ulianzia Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, nao ndio uliofungua njia kwa mingine mingi ya jamii yake. Watu wanne, watano au sita huketi mezani. Mmoja wao huwasimulia wenzake mahali walipo na mambo yanayowakuta: mji, pango, mto, adui. Kila mmoja wa waliosalia hushika nafsi ya mtu mmoja wa kubuniwa, akasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kuruka ufa au kumdanganya mlinzi wa lango, dadu hutupwa na jibu hupatikana. Hakuna ubao wa lazima, wala hakuna mshindi kama ilivyo katika bao au karata. Kilichopo ni hadithi inayotungwa na wote kwa pamoja, na karatasi moja mbele ya kila mchezaji. Katika karatasi hiyo huandikwa nguvu za mhusika wake, ujuzi wake, na vitu alivyobeba.

Tumeuita 'mchezo wa uhusika'. Wapo watakaopendelea 'mchezo wa kuigiza', lakini jina hilo tayari ni la tamthilia na la michezo ya redioni, na mtu anayesikia kwamba vijana wanakwenda kwenye mchezo wa kuigiza atatarajia jukwaa na watazamaji. Hapa hakuna mtazamaji. Neno 'mhusika' wanafunzi wetu wamelizoea katika somo la fasihi, nalo halihitaji kuelezwa mara ya pili.

Hadithi ya mchezo huu haimaliziki kwa kikao kimoja. Huweza kuendelea kwa miezi au miaka. Tena, tangu mapema, ziko hadithi zilizoandaliwa na vyama ili zichezwe na watu wasiojuana. Kampuni ya TSR, iliyochapisha mchezo ule wa kwanza, iliunda chama cha wachezaji mwaka 1980 kilichojulikana kwa kifupi kama RPGA. Mwaka 1987 chama hicho kilianzisha Living City, hadithi ya mji mmoja wa kubuni iliyochezwa na watu wengi katika meza nyingi. Kutoka mwaka 2000 hadi 2008 ilikuwapo Living Greyhawk, ambayo iligawa nchi za ulimwengu wa mchezo kwa majimbo na nchi za ulimwengu huu wa kweli, kila sehemu ikatunga visa vyake. Pathfinder Society ilifuata mwaka 2008 na Adventurers League mwaka 2014. Katika mipango yote hii mchezaji humchukua mhusika wake kutoka meza moja hadi nyingine, kutoka mji hadi mji, kama mchezaji wa mpira anavyosafiri na kadi yake ya usajili.

Hapo ndipo haja ya ukomo wa zana inapotokea. Nyumbani, anayeongoza mchezo anawajua watu wake. Kijana akija na punda kumi na wawili, huweza kumwambia, "Mwanangu, punda wako wamekufa kwa mbung'o," mambo yakaendelea. Katika mchezo wa chama, anayeongoza meza pengine hajapata kumwona mchezaji huyo. Hawezi kujua upanga ule ameupata kwa jasho au ameuandika jana usiku kitandani. Kwa sababu hiyo vyama huweka orodha. Katika Adventurers League mhusika mpya alianza na vitu vya kazi yake na malezi yake tu, wala mchezaji hakuruhusiwa kutupa dadu kujitafutia fedha za kuanzia. Na kwa miaka kadhaa palikuwa na kanuni kwamba mchezaji atumie kitabu cha msingi na kingine kimoja tu cha nyongeza kumjenga mhusika wake. Katika Pathfinder Society vilikuwapo vitu vya kawaida ambavyo kila mtu aliruhusiwa kununua wakati wote, na vilikuwapo vingine ambavyo vilinunuliwa kwa idhini ya karatasi maalumu aliyopewa mchezaji baada ya kisa fulani, nayo imetiwa sahihi na aliyeongoza meza.

Mtu asiyeucheza mchezo huu atadhani kwamba wachezaji wanavumilia masharti hayo kama watu wanavyovumilia kodi. Lakini wengi wao huyapenda, nasi tulitaka kuelewa kwa nini. Jibu tulilipata si vitabuni bali barazani, kwa kuwasikiliza wale vijana wakisimulia kisa kimoja kilichotokea kabla ya ugomvi wao.

Wahusika wao walifika kwenye mto uliofurika. Upana wake ulikuwa mikono hamsini. Walikuwa na kamba moja ya mikono ishirini, panga moja, taa yenye mafuta ya usiku mmoja, na blanketi mbili. Walikaa kimya. Kisha mmoja wao akamwuliza msimulizi, "Ng'ambo hii pana migomba?" Msimulizi, naye ni mtoto wa Kyela, hakuweza kusema kwamba kando ya mto hakuna migomba. Basi wakakata migomba kwa panga lao moja, wakafunga chelezo kwa kamba yao moja, wakasukumwa na maji mpaka bondeni sana kuliko walikotaka kwenda, wakamwaga mafuta ya taa, na usiku ukawakuta gizani katika kijiji wasichokijua. Yote yaliyofuata kwa juma zima yalitoka katika giza lile. Vijana walikuwa wakisimulia kwa kukatizana maneno, na kwa muda kidogo walisahau kwamba wamegombana.

Tuangalie kilichotendeka. Mhusika anapokuwa na kila kitu, mchezaji hutazama karatasi yake, akatafuta kilichoandikwa kinachofaa, akakitaja. Anapokuwa na vichache, huinua macho kutoka kwenye karatasi, akaanza kuuliza juu ya mahali alipo: pana mti gani, nani anakaa hapa, maji yanakwenda wapi. Ulimwengu wa hadithi huanza kuwa na manufaa, na kwa hiyo huanza kuwa wa kweli. Msimulizi naye hufurahi, kwa sababu mto aliouandaa unavukwa kwa akili badala ya kufutwa kwa kalamu. Kijana mwenye punda kumi na wawili hakuwa na haja ya kuuliza juu ya migomba.

Ipo pia haki, na kwa mtu wa Ngonga jambo hili si dogo. Vitabu vya michezo hii ni ghali. Kama kila zana iliyochapishwa katika kila kitabu ingeruhusiwa, mwenye vitabu kumi angekuja mezani na mhusika mwenye nguvu kuliko yule aliyenakili kurasa chache kwa mkono, na umaskini wa mchezaji ungemfuata mpaka ndani ya ndoto yake. Orodha fupi inayomfunga kila mtu humwezesha mwenye daftari la mistari kuketi sawa na mwenye maktaba. Hatusemi kwamba kampuni zimeweka ukomo kwa huruma. Biashara ni biashara, na kanuni ya kitabu kimoja cha nyongeza bado ilimtaka mtu anunue kitabu. Hata hivyo faida kwa mchezaji maskini ipo, hata kama haikukusudiwa.

Vijana wale hata dadu ya pande ishirini hawakuwa nayo. Waliandika namba kutoka 1 hadi 20 katika vipande vya karatasi, wakavitia ndani ya kibuyu, wakawa wanachota. Tulivitazama vipande vile. Kile cha 20 kilikuwa kimechakaa zaidi ya vingine, jambo ambalo tuliliona tukanyamaza.

Mchezaji wa bao hatashangazwa na hayo tuliyoyasema. Katika bao la Kiswahili mna mashimo 32 na kete 64, kila mtu akiwa na 32 zake. Mwanzoni kila mmoja huweka sita nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, akabaki na 22 za kunamua. Hakuna anayeongeza kete kutoka mfukoni, awe tajiri au waziri. Wala haijapata kusikika kwamba bingwa wa bao analalamika kuwa kete ni chache.

Lakini bao halina uhusika. Kama tunatafuta mfano wa kwetu wa watu waliojipa nafsi nyingine, wakajipanga kwa vyama, wakashindana wakiwa na zana za ukomo, hatuna budi kuigeukia beni na ndugu zake wa ziwa hili. Beni, jina lililotoka katika neno la Kiingereza la bendi, ilianza katika pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, askari na wapagazi waliichukua hadi bara, mpaka nchi za Ziwa Nyasa na migodi ya Zambia. Terence Ranger aliiandikia historia yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Watu wa beni walikuwa na vyeo: kingi, jenerali, kapteni, daktari. Mchukuzi wa mizigo bandarini aliweza kuwa jenerali siku ya ngoma, akasalimiwa kijeshi, na cheo hicho alikishika mwaka hadi mwaka na kupandishwa kwa juhudi zake. Kama hicho si mchezo wa uhusika ulioandaliwa, hatujui kipi kiitwe hivyo.

Sasa, katika miji ya pwani mashindano ya beni yaligeuka kuwa mashindano ya matumizi. Upande mmoja ukifanya karamu, wa pili ulifanya kubwa zaidi. Upande mmoja ukileta mapambo, wa pili ulitafuta ya gharama zaidi. Familia ziliingia katika madeni. Hapo zana hazikuwa na ukomo, na mwenye fedha ndiye aliyeng'aa.

Huku ziwani mambo yalichukua sura nyingine. Mwezi wa Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliyotoka upande huu wetu yalipigana na Waingereza huko Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na watu wa pande zote mbili waliona gwaride, filimbi na bendi kwa macho yao. Vita vilipokwisha, vijana walizikumbuka bendi lakini tarumbeta za shaba hawakuwa nazo. Walichukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, na mtu alipoimba ndani ya kibuyu sauti ilitoka ikivuma kama ya tarumbeta. Hayo ndiyo malipenga, na ngoma ya jina hilo pamoja na ile ya mganda zinachezwa Malawi mpaka leo. Kikundi kilikuwa na ngoma, vibuyu, mavazi safi na vyeo. Kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na vibuyu, hakuna aliyeweza kumshinda mwenzake kwa kununua kibuyu bora. Walishindana kwa mwendo, kwa usafi na kwa nyimbo.

Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliichunguza ngoma ya kalela, ndugu mwingine wa beni, katika mji wa migodi wa Luanshya nchini Zambia, na kuchapisha maelezo yake mwaka 1956. Katika kikundi alichokiona mlikuwa na mfalme, daktari aliyevaa nguo nyeupe yenye msalaba mwekundu, na mwanamke mwenye cheo cha muuguzi. Muuguzi huyo alibeba kioo na leso. Alipita kati ya wachezaji wakiwa uwanjani, kila mmoja akajitazama na kujifuta jasho ili abaki nadhifu. Ni kioo kimoja na leso moja kwa kundi zima, na bila ya vitu hivyo viwili cheo chake kisingekuwa na kazi. Tulipowasimulia vijana habari hiyo, mwenye punda alikaa kimya kwa kitambo, kisha akauliza kama mhusika wake anaweza kubakia na kile kioo peke yake.

Turudi kwenye istilahi. Maneno yaliyokuwa yakigombaniwa ni matano: silaha, mali, vifaa, vyombo na zana. 'Silaha' tumeona madhara yake; maana yake ni finyu, ni kitu cha kupigania. 'Mali' kwa upande wa pili ni pana kupita kiasi, kwani nyumba na shamba ambavyo mhusika ameviacha kwao navyo ni mali yake, lakini havimsaidii kuvuka mto. 'Vyombo' lina maana nyingi: sufuria ni chombo, jahazi ni chombo, na siku hizi polisi nao ni vyombo. 'Vifaa' ni neno zuri, lina asili ya kufaa, na tungeweza kulikubali. Hata hivyo tunaona kwamba 'zana' limekaa karibu zaidi na mkono wa mtu. Tunasema zana za kilimo, zana za kivita, zana za kufundishia, na katika yote hayo yumo mtu anayefanya kazi kwa kitu hicho. Jembe ukutani ni kifaa; likishikwa ni zana. Katika mchezo ambao kila kitu huulizwa 'utakitumiaje?', tofauti hiyo ina thamani.

Lakini 'zana' nalo halimalizi ugomvi. Je, chakula ni zana? Je, fedha? Ukitunga sheria kwamba ukomo ni wa zana, mtu atajaza unga. Tulichohitaji ni neno linalotaja jumla ya vyote ambavyo mhusika amebeba, bila kujali ni vya aina gani.

Tulilipata katika historia ya misafara. Hadithi ndefu ya mchezo huu, inayokwenda kikao hadi kikao na watu wale wale, wengine huiita 'kampeni' kwa kufuata Kiingereza. Kwa msomaji wa leo kampeni ni ya uchaguzi, na hatupendi vijana waulizwe wanampigia nani debe. 'Msafara' ni neno letu, nalo lina yote yanayotakiwa: watu waliofungamana, njia ndefu, hatari, na vituo. Na ukishalikubali 'msafara', jamaa zake huja bila kuitwa. Aliyetangulia mbele ya msafara wa karne ya 19 akiijua njia aliitwa kirangozi. Kirangozi hakuwa mwenye mali wala mwajiri. Kazi yake ilikuwa kuwapitisha wenzake, naye ndiye tunayependekeza kuwa jina la msimulizi wa mchezo. 'Mnyapara' tulilikataa kwa kuwa siku hizi linanuka gereza. Mpagazi wa msafara alibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili, na kila aliyetaka kuajiri watu aliujua ukomo huo kabla hajaondoka pwani. Chakula cha siku kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, na kiliitwa posho.

Basi 'mzigo' ndilo neno. Mzigo wa mhusika ni kila alichobeba, na 'ukomo wa mzigo' ni kiasi au orodha isiyovukwa. Vitu anavyopewa mhusika mpya tulitaka viitwe 'posho ya kuanzia'. Vijana walicheka sana. Kwao posho ni fedha ya semina, nao walisema kwamba mhusika atakayepewa posho hatakwenda safari, atarudi nyumbani. Tulikubali kushindwa, na sasa wanaandika 'mzigo wa kuanzia'. Tulishindwa pia katika kutaka kikao kiitwe kituo. Walisema kituo ni cha mabasi. Karatasi inayotolewa baada ya kisa na kutiwa sahihi wameiita 'hati ya msafara', na kitu kilichopatikana kwa hati hiyo wanakiita kwa kifupi 'cha hati', kama wanavyosema 'kioo cha hati', tofauti na kioo cha dukani. Hilo hatukulipendekeza sisi. Ni zuri kuliko tulilokuwa nalo, kwa kuwa linaonyesha kwamba kitu hicho kina habari nyuma yake na mtu wa kuishuhudia.

Neno moja tunalikataa kwa nguvu zetu zote, nalo ni 'uhaba'. Rasimu ya kwanza ya vijana ilikuwa na kifungu kilichoitwa 'Uhaba wa vitu'. Sisi tuliokuwapo katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, sabuni na sukari zilipokuwa za kupangiwa foleni, hatutakubali kuambiwa kwamba uhaba una raha. Uhaba humwangukia mtu. Ukomo watu huukubali. Katika uhaba yupo daima mmoja mwenye gunia nyuma ya mlango, na kila mwenye njaa anajua hivyo. Katika ukomo wa mchezo, kirangozi na mchezaji mgeni na mchezaji bingwa wote wamefungwa na orodha moja iliyobandikwa mahali pa kuonekana. Ukiondoa hali hiyo ya kukubaliana na kufungwa sawa, kinachobaki ni kunyimwa, na hakuna atakayeketi mezani kunyimwa kwa hiari yake. Ndiyo maana kijana mwenye punda aliwaudhi wenzake kiasi kile. Punda wenyewe hawakumdhuru mtu, lakini wenzake walibeba kamba moja kwa kuamini kwamba naye anabeba moja.

Sheria ya tatu sasa imeandikwa upya, nasi tulisaidia kidogo. Inasema kwamba mzigo wa mhusika ni kila kitu alichobeba, kiwe zana, silaha, chakula, fedha au pambo. Kwamba mzigo wa kuanzia utatoka katika orodha tu. Na kwamba kitu kingine chochote kitaingia kwa hati. Vijana walirudi mezani siku hiyo hiyo, mvua ikiendelea kunyesha juu ya bati. Baada ya nusu saa tulisikia sauti zikipanda tena. Tulipokwenda kuuliza, tulikuta neno 'alichobeba' limeleta swali jipya: punda hubebwa, au hubeba? Wawili walisema ni mzigo, wawili walisema ni mpagazi na kwa hiyo anastahili mzigo wake mwenyewe wa frasila mbili. Mpaka tunapeleka makala haya kwa mhariri, punda mmoja ameruhusiwa kwa muda, kwa sharti kwamba majani yake yahesabiwe katika mzigo wa mwenyewe.